Spredi ni nini, na kwa nini Novemba inawachanganya wabashiri wa kikapu cha vyuo

Tarehe 12 Novemba 2019, Evansville, chuo kidogo cha Indiana, kilikwenda Rupp Arena, uwanja wa nyumbani wa Chuo Kikuu cha Kentucky, kucheza kikapu na wenyeji. Kentucky ilikuwa namba 1 Marekani nzima, wiki moja tu baada ya kuifunga Michigan State iliyokuwa imekalia nafasi hiyo. Evansville walilipwa dola 90,000 kwa safari hiyo, kama wanavyolipwa wadogo wengi mwanzo wa msimu ili wakubwa wapate ushindi mwepesi nyumbani. Kampuni za kubeti zilitarajia Kentucky ishinde kwa zaidi ya pointi 20. Mechi ikaisha 67–64, Evansville juu.

Hizo pointi 20 na zaidi ndizo spredi. Aliyezoea mkeka wa soka anaijua kama handikapu: timu yenye nguvu inakatwa pointi, dhaifu inaongezewa, kisha ndipo mshindi wa mkeka anahesabiwa. Tuseme timu kubwa imeandikwa −22.5. Ukiichagua, lazima ishinde kwa pointi 23 au zaidi ndipo ulipwe. Ukichukua ndogo, +22.5, unakula hata ikifungwa kwa 22. Nusu pointi inazuia sare. Spredi ikiwa 22 na tofauti ikawa 22, kila mtu anarudishiwa hela yake.

Kwa hiyo nani atashinda si swali tena. Swali ni kwa ngapi, na hilo wachezaji wenyewe hawahangaiki nalo. Timu inaongoza kwa 27, zimebaki dakika tatu. Kocha anawapumzisha nyota wake na kuingiza vijana wa mwisho wa benchi. Vijana wanapoteza mpira, wapinzani wanatupia mbili za pointi tatu na kufunga moja ya chini ya kikapu, kengele inalia tofauti ikiwa 19. Mashabiki wanatoka wakishangilia. Mwenye −22.5 mkeka wake umechanika, na kocha hana kosa: alitaka ushindi, na alitaka miguu ya nyota wake iwe mizima kwa mechi ijayo.

Sasa Novemba ina nini? Daraja la kwanza la vyuo lina timu zaidi ya 350, na msimu unapoanza hakuna aliyeziona zikicheza mechi za kweli. Spredi za wiki za kwanza zinasimama juu ya kumbukumbu ya mwaka jana na sifa za wachezaji wapya. Zamani kumbukumbu hiyo ilisaidia. Tangu 2021, mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo unaweza kukuta jezi ni ileile na karibu kikosi chote ni kipya. Jina kubwa linaendelea kuvuta hela za watu hata kama walioliletea sifa wameshaondoka. Mimi mwanzo wa msimu naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: kati ya dakika zilizochezwa mwaka jana, ngapi zilichezwa na wachezaji ambao bado wapo. Timu ya kawaida ambayo watano wake wamecheza pamoja miaka miwili inanipa imani kuliko vipaji vitano vilivyokutana kiangazi.

Hata hivyo, kujua hayo hakutoshi. Kwa kawaida spredi inalipa hivi: unaweka dola 110 kupata faida ya 100. Ukibeti mara 100 ukapatia 50, unaingiza 5,000 na kupoteza 5,500. Ili usipate hasara unahitaji kupatia zaidi ya asilimia 52, tena mfululizo, dhidi ya namba iliyopangwa na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Ndiyo maana naona si haki kumwambia kijana kwamba spredi ni nusu kwa nusu kama kurusha shilingi.

Na kuna mtego wa kuamini haraka ulichokiona. Baada ya usiku ule wa Rupp Arena, wengi waliiona Evansville kama timu mpya kabisa. Januari kocha wake akaachishwa kazi. Kwenye ligi yao ya Missouri Valley walicheza mechi 18, wakafungwa zote 18.