Kichocheo hakiongezi chaji

Juni baridi ya Mbeya ikishika, betri ndizo zinazosingiziwa. Simu imelala dirishani Uyole, alfajiri inasoma asilimia chache. Fundi mmoja pale Mwanjelwa aliigeuzageuza yangu akasema, "Betri hii haina kichocheo, dada. Ninayo yenye nacho, ongeza elfu ishirini tu."

Watu wanaliwa hela hapo. Betri ya lithiamu ya kawaida, aina iliyoingia sokoni mwaka 1991, inafanya kazi bila kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia. Ukichaji, ayoni za lithiamu (chembe ndogo zenye chaji) zinajipenyeza kwenye tabaka za grafiti, kaboni kama ya penseli; ukitumia, zinarudi zilikotoka. Baridi inazipunguzia mwendo. Simu ikikaa mfukoni ikapata joto, nguvu inarudi. (Mfukoni, si kando ya jiko la mkaa!)

Wengine wanadhani kichocheo kinaongeza nguvu. Hao huwa nawarudisha jikoni. Uji mzito wa mahindi ukipoa kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, koroga. Punde mwiko unateleza. Hujaongeza maji, vimeng'enya vya kimea, ambavyo ni vichocheo vya asili, vimekatakata wanga upesi, basi. Kichocheo nacho hurahisisha kazi, chenyewe hakiliwi.

Kinakohitajika hasa ni kwenye betri ambazo bado zinahangaisha watafiti. Betri ya lithiamu-hewa huvuta oksijeni na kutengeneza peroksidi ya lithiamu, kitu kigumu kisichopitisha umeme vizuri. Kuivunja wakati wa kuchaji ni shughuli: betri iliyotoa umeme kwa volti 2.7 hivi inaweza kudai volti 4 au zaidi. Piga hesabu, karibu theluthi ya umeme imepotelea njiani. Pengo hilo ndilo kichocheo kinalipunguza. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliunganisha dhahabu na platinamu katika chembe zisizoonekana kwa macho: dhahabu ilisaidia wakati wa kutoa umeme, platinamu wakati wa kuchaji. Dhahabu hiihii inayosakwa Chunya.

Kwenye betri za lithiamu-salfa, kichocheo huharakisha misombo ya salfa igeuke kabla haijayeyuka na kutorokea upande wa lithiamu.

Na kichocheo kikali zaidi si lazima kiwe bora. Kinaweza kuchochea hata kuharibika kwa elektroliti (kinachopitisha ayoni ndani ya betri), betri ikafa mapema.

Nilimrudia yule fundi nikamuuliza: kichocheo gani, platinamu au oksidi ya manganizi? Akacheka. "Haya dada, lete kumi na tano."