Msamiati wa Kiingereza: anzia kwenye mbuzi ya nazi

Mazoea yetu walimu wa msingi ni kuandika matunda kumi ubaoni kwa mpigo: mango, orange, pineapple… Darasa linaimba, kengele inalia, na kesho yake embe limeshakuwa chungwa. Mtafiti Thomas Tinkham alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1990: maneno ya jamii moja yakifundishwa pamoja huchanganyana, lakini yakifungwa na tukio moja hushika upesi.

Ndiyo maana walimu ninaowanoa huwa nawaambia wachague shughuli, waachane na orodha. Shule ikiwa Pangani au Lindi, leta nazi na mbuzi darasani. Mtoto anayekuna nazi nyumbani analijua tukio lote. Anachokosa ni maneno tu. Vunja: “break”. Maji yakimwagika: “water”. Kisha “sit”, “grate”, “squeeze”. Vitenzi na nomino vinafuata mpangilio wa kazi yenyewe, na neno likimtoka, mikono inamkumbusha. Wakishazoea, mmoja aamuru kwa Kiingereza, mwenzake atende. Akiamriwa kukamua nazi ambayo bado haijavunjwa, darasa litacheka, na atakayemrekebisha ni mwanafunzi mwenzake, si wewe.

Kwa vitenzi vya mwendo sijaona cha kuishinda rede: “throw”, “catch”, “run”, “jump”, na “fill” kwa yule anayejaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira. Weka sharti kwamba hakuna kufanya tendo bila kulitaja. (Wavulana watajidai ni mchezo wa wasichana. Wape dakika tano.)

Vitendawili navihifadhi kwa marudio. “Kitendawili!” “Tega!” vibaki vilivyo. “Nyumba yangu haina mlango.” Jibu likubalike kwa Kiingereza tu: “Egg!” Darasa la Tatu hapo panatosha, la Sita wategeane kwa Kiingereza kitupu.

Ila usiibebe nazi hadi Monduli. Kule anzia kwenye kukamua ng'ombe na kibuyu cha maziwa. Wala usihangaike kuutafutia ugali jina la Kiingereza. Uache uitwe ugali, wakazanie “stir” na “boil”.

Siku ya jaribio, usiwaambie waandike maneno kumi waliyokariri. Wape hatua za kutengeneza tui zilizovurugwa, kwa Kiingereza, wazipange. Aliyeelewa hataweka “squeeze” kabla ya “grate”.