Nimeipa WireGuard taa ya kijani

WireGuard, ile programu ya VPN (inaunganisha vifaa vyenu kwa siri kupitia intaneti), naipenda sana ila kuwafundisha wenzangu kuitumia kwenye teminali, ile skrini ya kuandika amri, kulinishinda. Faili lenyewe la mipangilio fupi, mistari kama kumi tu, balaa liko kwenye funguo. Kila kifaa kina mbili, ya siri na ya wazi, herufi 44 kila moja. Ukiacha herufi moja angalau programu italalamika, lakini ukizichanganya, ukabandika ya simu mahali pa seva, hapo ni kimya, maana WireGuard imeundwa isimjibu mtu isiyemtambua. Hakuna erra wala nini, unabaki unaangalia skrini tu.

Basi nikaijengea ukurasa wa wavuti. Zipo za tayari kama wg-easy, unawasha kwa Docker (inaendesha programu zikiwa zimefungashwa tayari) na kazi imeisha, ila mi huwa sitosheki mpaka nifungue boneti. Kitufe cha kuongeza mtu na QR ya kuskani kwa simu vilikuwa chap chap. Taa ndo ilinisumbua.

Nilitaka kila jina liwe na taa ya kuonyesha kama kifaa chake kimeunganishwa, kwahiyo nikasoma `wg show wg0 latest-handshakes`, inakupa muda wa handisheki ya mwisho, yaani zile salamu za seva na kifaa. Data zikiwa zinapita salamu zinarudiwa kila dakika 2 hivi, nikasema ikipita dakika 3 taa iwe nyekundu. Asubuhi yake simu haziishi, "mbona nimekatika?", kumbe hajakatika mtu, simu zao zimelala tu na hazina cha kutuma! Nikaweka PersistentKeepalive = 25, yaani kifaa kitume kaujumbe katupu kila sekunde 25, kwa walioko nyuma ya NAT (ruta inayoficha vifaa vingi nyuma ya anwani moja), na nyekundu nikaifuta kabisa, siku hizi ni kijani au kijivu. Kijivu haimtishi mtu.

Kosa la pili ni aibu kidogo: kitufe cha kusevu kilikuwa kinapiga `wg-quick down` halafu `up`, kinazima WireGuard nzima na kuiwasha upya, yaani nikimwongeza mmoja nawakata wote. Dawa yake ni `wg syncconf`, inabadilisha kilichobadilika na wengine hawasikii kitu.

Na huu ukurasa msiuache wazi intaneti jamani, anayeuingia anaweza kujiongeza mwenyewe ndani ya mtandao wenu. Wangu unasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani unafunguka ndani ya seva yenyewe tu, nikiutaka napiga `ssh -L 8080:127.0.0.1:8080` kwenda kwenye seva kwanza, inanipitisha kwa njia iliyofichwa mpaka kwenye ukurasa. Ndio, kwenye teminali, chekeni tu.