Dainamomita na Nguvu Farasi za Gari: Namba Inayochapwa Ina Uzito Gani?

Mwenye gari anapokabidhiwa karatasi ya dainamomita, yaani mashine ya kupimia nguvu ya injini, jicho lake hukimbilia namba moja, ile ya nguvu farasi, na mara nyingi huichukua kuwa ndiyo nguvu halisi ya injini yake. Sisi tunaoshughulika na vipimo tunaona ni muhimu umma ufahamu namba hiyo inavyopatikana, kwa sababu mashine yenyewe haipimi nguvu farasi. Kwa kawaida inapima torki, yaani nguvu ya kuzungusha, pamoja na kasi ya mzunguko, kisha inakokotoa. Torki ya nyutoni-mita 200 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika hutoa takriban kilowati 104.7. Ukitumia nguvu farasi ya Kiingereza, ambayo ni wati 745.7, utaandika 140. Ukitumia ile ya metriki, ambayo ni wati 735.5, utaandika 142. Injini haijabadilika hata chembe.

Jambo zito zaidi ni mahali kipimo kinapochukuliwa. Tangu breki ya mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony ya mwaka 1821, na dainamomita ya maji ya mhandisi Mwingereza William Froude ya mwaka 1877, njia ya msingi imekuwa kuushika mhimili wa injini yenyewe na kupima jinsi unavyopambana na breki. Watengenezaji wa magari bado hufanya hivyo: injini hutolewa garini, hufungwa kwenye meza ya majaribio, na namba inayopatikana ndiyo inayotangazwa. Gereji, kwa upande wake, hulipandisha gari zima juu ya ngoma za chuma na kupima kinachofika kwenye magurudumu, baada ya giaboksi, difrensho, beringi na tairi kuchukua sehemu yake. Namba hizi mbili ni za vitu viwili tofauti, na kutofautiana kwake si ushahidi kwamba mtengenezaji amedanganya.

Kuna mazoea ya kudai kwamba hasara ya njiani, yaani nguvu inayopotea kati ya injini na magurudumu, ni asilimia 15, basi. Dai hilo halina msingi wa kutosha. Gari lililopimwa nguvu farasi 128 kwenye magurudumu litahesabiwa kuwa na 145 kwenye injini ikiwa hasara itakadiriwa kuwa asilimia 12, na 160 ikikadiriwa kuwa asilimia 20. Tofauti yote hiyo imetokana na dhana ya mkadiriaji. Isitoshe, hasara haikui sambamba na nguvu. Sehemu yake hufuata kasi ya mzunguko, sehemu hufuata mzigo, na joto la mafuta ya giaboksi, upepo wa tairi na jinsi mikanda ilivyokazwa kulibana gari kwenye ngoma vyote vina mchango wake. Kwa hiyo tunashauri namba ya magurudumu iachwe kama ilivyo, bila kugeuzwa kuwa namba ya injini.

Aina ya mashine nayo ina athari. Baadhi hutumia breki ya sumaku au ya maji, na zinaweza kulishikilia gari kwenye kasi moja mpaka kipimo kitulie. Nyingine hutumia ngoma nzito pekee: uzito wa ngoma unajulikana, mashine hupima inavyoongeza kasi, na nguvu hukokotolewa kutokana na hilo. Katika aina hii ya pili, nguvu inayotumika kuzungusha magurudumu na vyuma vya gari lenyewe wakati kasi inapanda haionekani kwenye ngoma. Ndiyo maana kufunga rimu nyepesi kunaweza kupandisha namba ilhali injini haijaguswa, na ndiyo maana gia ya chini, inayopandisha kasi haraka, kwa kawaida husomeka pungufu kuliko gia ambayo uwiano wake unakaribia 1:1.

Kisha kuna hewa. Injini huvuta hewa, na hewa yenye joto au ya nyanda za juu ina oksijeni kidogo katika kila lita. Ili vipimo vilinganishwe, matokeo husahihishwa kwa kuyarejesha kwenye hali ya kawaida iliyokubaliwa. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu upimaji wa nguvu za injini za magari, hutumia nyuzi joto 25 na kanieneo (presha) ya hewa kavu ya kilopaskali 99. Kiwango cha zamani cha chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE J607, huchukua hewa yenye baridi na nzito zaidi, na hivyo hutoa namba iliyo juu kwa takriban asilimia 4. Kwa injini za petroli, Kanuni hiyo ya 85 inataka kizidisho cha usahihishaji, yaani namba ambayo matokeo huzidishwa nayo, kiwe kati ya 0.93 na 1.07, na kikivuka hapo, hali ya joto na kanieneo ya siku ya jaribio iandikwe bayana kwenye ripoti. Kwenye mwinuko wa mita 1,600, ambako kanieneo hukaribia kilopaskali 83, kizidisho huvuka mpaka huo kwa mbali. Injini yenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huongeza utata, kwa kuwa kompyuta yake inaweza kufidia sehemu ya hewa iliyopungua. Ukiisahihisha kama injini isiyo na turbo, unaipa nguvu ambayo haikuitoa.

Pamoja na hayo yote, dainamomita ni chombo cha thamani kubwa katika kulinganisha. Gari lile lile, mashine ile ile, gia ile ile, injini ikiwa na joto lile lile na feni ikipuliza vilevile: hapo tofauti kati ya kabla na baada ya matengenezo ina maana, mradi iwe kubwa kuliko mtawanyiko wa majaribio yaliyorudiwa. Mwaka 1999 wamiliki wa Ford Mustang Cobra, iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 320, waliona kwenye dainamomita kwamba magari yao yalikuwa pungufu. Ford ilisimamisha mauzo na kuyarekebisha magari hayo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kipimo, omba majaribio yasiyopungua matatu mfululizo na mchoro wa kila moja, si wa lile lililotoa namba kubwa tu. Omba karatasi ionyeshe namba kabla ya kusahihishwa, kiwango kilichotumika, joto na kanieneo ya hewa, gia iliyotumika, na kiasi ambacho programu imelainisha mchoro. Ikiwa mashine ni ya breki, uliza pia ni lini mkono wa kupimia torki ulihakikiwa mara ya mwisho kwa mawe ya uzani unaojulikana.