Kaskazini ya mbali haiishi kwa ruzuku tu

Nchini Kanada kuna dhana ya miaka mingi kwamba vijiji vya Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki, yaani kaskazini ya mbali yenye baridi kali, hukaa kusubiri fedha za serikali, kwa kuwa hakuna biashara inayoweza kusimama kwenye barafu. Ruzuku zipo, tena nyingi, na serikali ndiyo mwajiri mkubwa. Ila hiyo ni nusu ya habari.

Chukua Kinngait, kijiji cha Wainuiti katika eneo la Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Hakuna barabara ya kufika huko kutoka mji mwingine. Shehena kubwa huletwa na meli wakati wa kiangazi. Mwaka 1959 wenyeji walisajili ushirika wao, ambao huchapa na kuuza picha za wasanii wa hapo. Msanii huchora, fundi huchonga mchoro ule juu ya jiwe, hupaka wino, hulaza karatasi laini na kuisugua kwa mkono. Kwa kawaida hutolewa nakala 50 tu, na uchache huo ndio unaopandisha bei. Picha ya bundi ya msanii wa huko, Kenojuak Ashevak, iliyochapishwa mwaka 1960, iliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970.

Ushirika huohuo una duka la vyakula, na wenye mali ni wanachama wenyewe. Bei dukani bado kali, maana ndege na meli hazibebi bure.