Ovataimu ni nini, na unaidaije bila kibarua kuota nyasi

Ukipita Mafinga, mkoani Iringa, saa 1 usiku mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshuka hadi unaona pumzi yako, bado utasikia misumeno ikilia kwenye viwanda vya mbao. Waliomo ndani waliingia saa 1 asubuhi. Muulize mmoja wao anamdai nini bosi, atajibu haraka: "Ovataimu." Muulize ni saa ngapi, ataanza kukuna kichwa. Pesa nyingi hupotelea hapo, bosi akiwa hata hajakataa kulipa.

Ovataimu, yaani saa za ziada, si kila siku uliyochelewa kurudi nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Kinachovuka hapo ndicho cha ziada, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mapumziko ya chakula hayamo kwenye hesabu, labda uwe umeamriwa kula huku unalinda mashine. Siku yako ya mapumziko ya wiki na sikukuu zina hesabu yake: ukifanya kazi, kila saa ni mara mbili. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

Tena ovataimu ni ya makubaliano. Hata ukikubali, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, wala siku moja isivuke saa 12 za kazi.

Sasa tuhesabu, maana bila hesabu dai ni kelele tu. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45 kupata wa saa moja. Kwa njia ya mkato, gawanya kwa 195. Tuseme kijana wa msumeno ana mshahara wa msingi wa shilingi 390,000. Saa yake ya kawaida ni shilingi 2,000, ya ziada 3,000. Jumatatu hadi Ijumaa anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 12 jioni, na mchana anapewa saa nzima ya kula: hizo ni saa 10 za kazi kila siku. Jumamosi anapiga saa 5. Jumla 55. Toa 45, zinabaki 10 kwa wiki, 40 kwa wiki nne, sawa na shilingi 120,000. Angalia, tumeanzia mshahara wa msingi. Wengi hukosea kwa kuanzia pesa yote wanayopokea, posho ya nyumba na nauli zikiwamo, halafu mhasibu anawaumbua kwa kosa hilo moja na dai zima linaonekana la uongo.

Kabla hujanyanyua mguu, soma mkataba wako. Kuna makubaliano ya maandishi yanayoruhusu zamu ya hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, mradi siku za kazi zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Kama uliyasaini, hesabu ya saa 9 kwa siku imekufa. Na kama wewe ndiye unayesimamia wenzako kwa niaba ya mwajiri na bosi wako ni meneja wa ngazi ya juu, sehemu hii ya sheria haikuhusu. Mchumaji chai wa Rungwe anayelipwa kwa kilo naye ana njia yake: kiwango chake hutokana na wastani wa kipato.

Tuje kwenye hofu yenyewe. Sheria inasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki anayopewa na sheria si sababu halali. Ulinzi huo, hata hivyo, haumfikii mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kama una miezi minne, mimi ningeandika saa zangu kimya kimya na kusubiri, nikiwa na jicho kwenye tarehe kwa sababu nitakayoieleza. Nisikudanganye pia: sheria haimshiki bosi mkono asikufukuze. Inachofanya ni kumfanya ajibu baadaye, na atajibu kutokana na karatasi utakazokuwa nazo wewe.

Karatasi ya kwanza ni daftari. La shilingi mia kadhaa linatosha: tarehe, saa ya kuingia, ya kutoka, nani alikuambia ubaki. Jaza siku hiyo hiyo. Daftari lililojazwa lote usiku mmoja kwa kalamu moja hujulikana. Piga picha ubao wa zamu, hifadhi ujumbe wa msimamizi wa "leo hamtoki mpaka lori lijae", tunza silipu zote za mshahara.

Kisha nenda kwa mhasibu kama mtu anayerekebisha hesabu, usiende kama anayemshitaki mtu. "Shikamoo mama. Naomba kueleweshwa kidogo kwenye silipu hii, naona saa za ziada za mwezi wa tano hazimo." Kwa watu wetu wa nyanda hizi, neno kueleweshwa linafungua milango ambayo neno kudai linaifunga. Nusu ya mambo huishia hapo. Yasipoishia, andika barua fupi yenye jedwali la saa, na nakala yako isainiwe kuwa imepokelewa. Hapo ndipo kumbukumbu ya kwamba ulidai lini inapoanza, na bosi akikutoa wiki mbili baadaye, tarehe hiyo itasema mengi.

Mkiwa wengi, msimwache mmoja asimame peke yake. Mwenye tawi la chama cha wafanyakazi, TPAWU kwenye mashamba ya chai au TUICO viwandani, ampe kiongozi wa tawi dai hilo alibebe. Njia nyingine ni afisa kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia na kukagua kumbukumbu za malipo, na anapokagua za wafanyakazi wote, jina lako halichomozi.

Ikishindikana kote, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Mbeya na Iringa. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, unapeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Huanza usuluhishi, wakishindwa kuafikiana inakuja hatua ya uamuzi. Na hii ndiyo sababu niliyoahidi: dai la malipo lipelekwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa usalama, anza kuzihesabu tangu siku ya mshahara ambao pesa hiyo ilipaswa kuwamo, siyo siku uliyochoka kuahidiwa "mwezi ujao". Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba usamehewe kuchelewa, na sababu ya "bosi alikuwa ananizungusha" haina uhakika wa kukubaliwa. Ukifukuzwa, muda wa kulalamikia kufukuzwa kwenyewe ni siku 30 tu.