Mafua ya mtoto mchanga: kumtuliza na kumhesabia pumzi

Wazazi wengi wanaoniletea mtoto mwenye mafua kliniki huwa wamekwisha kupita duka la dawa, na mara nyingi wamenunua dawa ya kikohozi ambayo mtoto wa umri huo hapaswi kupewa. Hofu yao naielewa. Mtoto wa miezi mitatu hutegemea pua zaidi katika kupumua, hivyo ikiziba hushindwa kunyonya na kupumua kwa pamoja, akaachia titi, akalia, na nyumba nzima ikakesha naye.

Kinachomsaidia ni kuzibuliwa pua. Mtie matone mawili ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua katika kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya, kisha futa makamasi yaliyolainika kwa kitambaa safi. Mnyonyeshe kidogokidogo lakini mara nyingi, ukiwa umemwinua kichwa. Asali, ambayo mabibi zetu huisifu kwa kikohozi, asipewe kabisa kabla hajatimiza mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo hutoa sumu ya kulegeza misuli vikishakua ndani ya utumbo wake.

Natamani kila mama na baba ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, shika saa, uhesabu kwa dakika 1 kamili bila kukatisha, maana mtoto mchanga hupumua kwa kasi inayobadilikabadilika. Aliye chini ya miezi 2 mhesabie mara mbili. Pumzi 60 au zaidi kwa huyo wa chini ya miezi 2, au 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, huenda ni dalili ya nimonia na zinataka mhudumu wa afya azitazame siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, akilegea au akishikwa na degedege, msisubiri kukuche.

Homa ya nyuzi 37.5 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2 haitibiwi nyumbani, hata kama anaonekana mchangamfu.

Homa na kuharisha husingiziwa sana meno, na linaloniumiza zaidi ni kwamba hapa Tanzania bado wapo wazazi wanaoambiwa mtoto ana “meno ya nailoni” na kwamba lazima yang’olewe. Kinachochokolewa pale ni chipukizi la jino la chonge, lililo zima kabisa, na mtoto hurudi nyumbani na kidonda kinywani huku kuharisha kukiendelea vilevile. Anayeharisha anahitaji kunyonya zaidi, maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), na zinki miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, au 20 akiwa amezidi hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema.